Kupima mkojo kwa ugonjwa wa figo wa Balkani kabla figo hazijachoka

Kijiti cha kupimia mkojo kikibaki cha njano, wengi huandika "protini: hakuna" na mgonjwa anarudi nyumbani. Kwa ugonjwa wa figo wa Balkani, hapo ndipo tunapowapoteza watu. Kijiti hushika zaidi albumini, protini kuu ya damu. Ugonjwa huu huanzia kwenye mirija ya figo, na mirija ikiumia hushindwa kurudisha mwilini protini ndogondogo zilizopita kwenye vichujio vya figo. Hizo kijiti hakizioni.

Hatua ya 1: Uliza makazi. Ugonjwa umejikita katika vijiji vya kando ya mito inayoingia Danube, huko Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Bulgaria na Romania. Chanzo chake ni asidi ya aristolokiki kutoka gugu liitwalo Aristolochia clematitis, ambalo mbegu zake huvunwa pamoja na ngano na kusagwa kuwa unga. Basi usiulize ndugu wa damu tu. Mke aliyeolewa kijijini akala mkate uleule miaka ishirini naye yumo hatarini.

Hatua ya 2: Chukua mkojo wa pili wa asubuhi. Beta-2-mikroglobulini, mojawapo ya protini hizo ndogondogo, huharibika mkojo ukiwa na asidi, yaani pH ikishuka chini ya 6, na uharibifu huanzia ndani ya kibofu, mkojo ukiwa umelala humo usiku kucha. Kuongeza alkali kwenye kopo hakurudishi kilichokwisha kuharibika. Ndiyo maana mimi hutegemea alfa-1-mikroglobulini, protini nyingine ndogo inayostahimili asidi.

Hatua ya 3: Zungusha sampuli kwenye sentrifuji, kisha pima alfa-1-mikroglobulini, albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) katika mkojo uleule. Gawanya kila protini kwa kreatinini. Aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi, na namba tupu itakudanganya.

Hatua ya 4: Soma namba kwa pamoja. Alfa-1 ikiwa juu na albumini ikiwa ya kawaida au imepanda kidogo, mirija imeguswa. Albumini ikitawala, fikiria kwanza vichujio: kisukari, shinikizo la damu. Rudia kipimo siku nyingine, na uliza dawa anazotumia, maana gentamisini na tenofoviri pia huumiza mirija.

Majibu yakithibitika, mpeleke kwa daktari wa figo, apimwe pia hemoglobini na ultrasaundi. Damu kwenye mkojo, hata ya kuonekana kwa darubini tu, isisubiri: ugonjwa huu huandamana na saratani ya njia za juu za mkojo.