SOMO: Jinsi ya kujua kila kazi ya ujenzi imekugharimu kiasi gani

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Nyumba nimemaliza, mteja kalipa yote, mbona sina kitu?" Nimeshalijibu kwa simu na kwa ujumbe mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo linawahusu wanaojenga kwa oda: nyumba ya huyu, fremu za yule, uzio wa mwingine. Kila kazi ina ramani yake na bei yake, basi kila kazi ina hesabu yake. Ukichanganya, malipo ya awali ya mteja wa Uyole yataezeka nyumba ya mteja wa Mbalizi, na utashtuka siku ya kununua nondo za Uyole.

1. Mkataba ukisainiwa, ipe kazi namba. 014, 015, 016.

2. Fungua kadi moja kwa kila namba. Safu tatu: vifaa, ufundi, gharama za uendeshaji. Juu andika mteja, mahali na bei mliyokubaliana.

3. Vifaa. Risiti iandikwe namba ya kazi siku hiyo hiyo. Kinachotoka stoo kiandikwe kimeenda kazi gani na aliyepokea asaini. Mifuko minane ya saruji ikihamishwa kutoka saiti ya Iyunga kwenda Isyesye, ipunguze kwenye kadi ya kwanza, iongeze kwenye ya pili. Usiseme "vyote si ni vyangu tu?" Kadi moja itaonyesha hasara isiyokuwepo, nyingine faida isiyokuwepo, na bei ya kazi ijayo utaipanga kwa kuzitazama kadi hizo.

4. Ufundi. Daftari la mahudhurio la kila siku: jina, saiti, malipo. Fundi aliyefanya nusu siku 014 na nusu siku 016, posho yake igawe.

5. Gharama za uendeshaji. Someni hapa taratibu, maana ndipo kampuni ndogo nyingi zinapofia. Hizi ni pesa zisizo za kazi moja: kodi ya stoo, mlinzi wa stoo, mafuta na sevisi ya pikapu, mshahara wa msimamizi anayezunguka saiti zote, uchakavu wa mixa ya zege, leseni. (Mlinzi wa saiti ni wa kazi ile, aende kwenye kadi yake.) Hazionekani kwenye nyumba, lakini lazima nyumba zizilipe.

Mwanzo wa mwaka kadiria jumla yake, kisha kadiria malipo yote ya mafundi na vibarua kwa mwaka huo. Tuseme uendeshaji ni 24,000,000 na ufundi 60,000,000. Gawanya: asilimia 40. Kila kazi itabeba asilimia 40 ya ufundi wake. Kazi 014 ikiwa na vifaa 18,400,000 na ufundi 6,500,000, uendeshaji wake ni 2,600,000. Jumla 27,500,000. Kama bei ilikuwa 30,000,000, faida ni 2,500,000. Asiyeweka safu ya tatu angehesabu 5,100,000, akazitumia zote.

Tahadhari mbili. Usigawe kwa idadi ya kazi, kwa sababu geti la wiki moja litabeba mzigo sawa na nyumba ya miezi sita. Na usipige asilimia mwezi kwa mwezi. Huku kwetu Mbeya mvua zikikolea saiti zinalala, lakini kodi ya stoo hailali. Kazi moja ya Februari itabebeshwa gharama zote, utamtajia mteja bei ya kumkimbiza.

6. Kazi ikiisha, jumlisha, linganisha na makadirio yako, funga kadi. Mwisho wa mwaka linganisha pia uendeshaji uliotumika kweli na ule uliopachika kwenye kadi. Ukitumia 26,000,000 na kadi zimebeba 24,800,000, ile 1,200,000 iliyopungua iongeze kwenye gharama za kazi za mwaka huo.

MASWALI

Mjenzi_Soweto: Kwa hiyo mkuu sisi wote tunaweka asilimia 40?

Mwandishi: Hapana. Ni mfano. Rudia hatua ya 5, weka tarakimu zako.

Bosi Mdogo: Hii ni ya makampuni makubwa. Mimi nina saiti mbili tu, vyote viko kichwani.

Mwandishi: Saiti mbili zinatosha kuchanganyika. Niambie ipi kati ya hizo inakupa faida na ni shilingi ngapi. Ukinijibu leo bila kubahatisha, endelea na kichwa.

Mama Kenchi, Mafinga: Shikamoo kaka. Mimi natengeneza kenchi (fremu za mbao za kubeba paa) na milango. Mbao nanunua kwa bei tofauti halafu zinakaa stoo moja. Kadi niiandikie bei ipi?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Tumia wastani. Kama stoo una mbao 100 za 6,000 na umeongeza 50 za 7,500, jumla ni 975,000 kwa mbao 150, yaani 6,500 kila moja. Tumia hiyo mpaka mzigo mpya uingie, ndipo upige upya. Vipande vya kawaida vya kukata vibebwe na kazi. Mbao zilizooza stoo kwa uzembe usimtwike mteja, andika hasara ya ofisi.

Mama Kenchi, Mafinga: Asante. Na mteja akibadilisha mlango katikati ya kazi?

Mwandishi: Fungua 014-A, bei mpya akubali kwa maandishi kabla hujagusa mbao. Hata ujumbe wa simu unatosha kuanzia.

Fundi Zege: Malipo ya awali nayaandika mapato?

Mwandishi: Bado. Hilo ni deni la kazi unayodaiwa na mteja. Linakuwa mapato kadiri unavyojenga.

Tukuyu Juu: Nje ya mada kidogo, saruji yetu inaganda stoo kwa unyevu. Inaingia kadi gani?

Mwandishi: Hasara ya ofisi, kama mbao zile. Ila ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kwa mvua za Tukuyu, nunua ya wiki hiyo tu.