Mtoto kwenda shule kwa miguu: pa kuanzia mzazi

Wazazi wengi utawasikia "wangu mvivu huyo, kutembea hawezi", jamani mara nyingi mtoto hana shida, shida ni asubuhi ya nyumba nzima. Mmechelewa kuamka, soksi moja haionekani, daftari la hesabu halijulikani liko wapi, hapo hata mtu mzima angetaka gari. Kwa hiyo kazi inaanza usiku: begi lifungwe, sare na viatu vikae mlangoni, na saa ya kuamka irudi nyuma kidogo.

Afya yenyewe ni hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, na sio lazima kwa mkupuo. Shule ikiwa kilomita moja hivi mtoto anatumia kama robo saa, mwenye miguu mifupi zaidi kidogo, kwenda na kurudi tayari una kama nusu ya hizo dakika, mradi atembee kwa kuchangamka sio kuburuza miguu. Na ile kukaa nje kwenye mwanga wa mchana inasaidia pia macho, inapunguza uwezekano wa mtoto kuanza kutoona mbali.

Sasa barabara, na hapa msiharakishe. Kabla ya mtoto, ipite njia wewe mwenyewe, muda uleule wa shule, maana njia ya Jumapili mchana sio njia ya asubuhi ya Jumatatu. Ukifika penye gari limepaki chuchumaa hadi urefu wa mwanao uone, ni bati tu mbele yako, barabara huioni, na dereva naye hamuoni mtoto. Njia ndefu kidogo yenye sehemu chache za kuvuka ni bora kuliko ya mkato.

Kuvuka kufundishwe kwa vitendo. Simama pembeni, angalia kule magari ya upande wako yanakotokea, angalia upande wa pili, rudia ule wa kwanza, vuka kwa kutembea sio mbio. Gari likisimama kukupisha usijirushe tu, kwanza hakikisha hakuna jingine linalolipita kwa pembeni, hili watu wazima wengi wenyewe hawalifanyi. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu tembeeni upande ambao magari yanawajia usoni. Mkishazoea mwambie yeye ndo akuvushe wewe, hapo utajua kashika nini na kasahau nini. Ila chini ya miaka kama 10 wengi hawawezi kukadiria vizuri gari linakuja kwa spidi gani, kwa hiyo mdogo asiachwe peke yake hata kama anajibu maswali yote vizuri.

Kama huna muda kila siku tafuta wazazi wa njia hiyohiyo mpeane zamu, mkubwa mmoja mbele mmoja nyuma, watoto katikati. Japani watoto wa shule za msingi kwenda kwa makundi ni kawaida kabisa. Tena mtoto akijua rafiki yake anamsubiri kwenye kona, hutahitaji kumbembeleza kitandani.

Shule iko mbali? Mshushe kabla hamjafika, kipande cha mwisho amalizie kwa miguu. Begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2 au 3, kamba zote mbili mabegani. Kukiwa na giza avae nguo zinazoonekana. Na tafadhali kutembea kusiwe adhabu ya kuchelewa kuamka, ukishafanya hivyo umeharibu, atakuchukia wewe na barabara.

Siku ya kumwachia aende mwenyewe isije ghafla. Mfikishe getini, baadaye ishia kona ya mwisho, halafu mfuate kwa mbali bila kumuongelesha. Muwe na neno la siri la nyumbani, mtu akimpa lifti na kusema katumwa na mama, aulizwe neno, asipolijua mtoto haingii hata kama sura anaijua. Likishatumika mara moja mlibadilishe.