Kuchagua kati ya HiAce na Caravan zilizokwisha kutumika: mwongozo kwa wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Anayetafuta gari la kubebea abiria au samaki katika mikoa ya Mtwara na Lindi, hasa fedha za korosho zinapoingia, huulizwa kwanza kama anataka Toyota HiAce au Nissan Caravan, kana kwamba jina la gari ndilo litakalopandisha mlima wa Newala. Ningeshauri uanze na injini, kwa kuwa HiAce mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana sana kwa gharama za matengenezo.

Isome namba ya chesisi. Kwa HiAce, herufi LH humaanisha dizeli za familia ya L, zikiwemo 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, KZH ni 1KZ yenye turbo, na RZH ni petroli. Katika umbo lililotoka mwaka 2004, KDH ni dizeli na TRH ni petroli.

Kwa kazi ya vijijini mimi ningechukua 3L au 5L. Ni nzito kupandisha na abiria watanung'unika, lakini hazina turbo, na fundi mzoefu huweza kuifungua chini ya mkorosho akaifunga tena siku ya pili. Mkanda wake wa taimingi, unaoendesha vali za injini kwa mpangilio, hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Kwa kuwa mita ya gari kuukuu haiaminiki, ubadilishe mara tu unaponunua. 1KZ ina nguvu zaidi, ila ikichemsha, hedi yake (sehemu ya juu ya injini) hupasuka kwa urahisi. KDH ni gari zuri kwa anayekaa barabara ya lami kati ya Lindi, Mnazi Mmoja na Mtwara na kujaza mafuta vituoni, kwa sababu nozeli zake za kupulizia mafuta huongozwa na kompyuta na hazivumilii dizeli ya madumu iliyoingia maji.

Upande wa Caravan, umbo la E24 lenye injini ya TD27 linastahili heshima kuliko linayopewa: taimingi yake huendeshwa kwa gia, hivyo hakuna mkanda wa kukatika. Tatizo ni vipuri, ambavyo mara nyingi husubiriwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, huku gari likiwa limelala gereji. E25, umbo lililofuata, yenye injini ya ZD30 ningeiacha, kwa kuwa injini hiyo inajulikana kwa kutoboka pistoni.

Injini hubadilishwa, bodi iliyooza haina dawa. Hewa ya chumvi ya Mikindani na Lindi mjini hula bati polepole, lakini linaloharibu zaidi ni maji ya barafu ya samaki, ambayo huvuja kutoka kwenye matenga, yakapita chini ya zulia na kutulia juu ya chesisi. Kwa hiyo inua zulia lote, hata muuzaji akikunja uso, kisha ingia uvunguni na bisibisi ugonge paliposhikizwa springi za nyuma, reli ya mlango wa kusukuma na chini ya kioo cha mbele. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa uvunguni peke yake inapaswa kukutia shaka kuliko kutu inayoonekana.

Fika asubuhi na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla yako, kwani injini iliyopashwa moto huficha mengi. Ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, na mapovu yasiyokoma kwenye rejeta huashiria gasketi ya hedi. Kisha lipandishe mlima likiwa na mzigo, ukiangalia mshale wa joto.

Kadi ya gari iwe na jina la muuzaji, na namba ya chesisi iwe ileile uliyoisoma kwenye gari lenyewe. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usitoe hata malipo ya awali.