Unataka kazi kwenye risaiklini, yani kurejeleza plastiki zilizotumika? Anzia kwenye kuchambua

Watu wengi wakisikia nipo kwenye plastiki swali la kwanza ni mashine bei gani. Mashine iache kwanza. Nimeona vijana wamechanga hela yao wakanunua krasha, ile mashine ya kusaga plastiki, mwezi wa pili imelala imefunikwa turubai, kisa hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua anachokitumbukiza mle ndani ni kitu gani. Iliniuma sana maana hela yenyewe ilikuwa ya jasho.

Kuchambua ndo shule yenyewe. Nenda yadi yoyote wanaponunua makopo kwa kilo, na Dar hazikosekani, omba kibarua hata cha mwezi mmoja. Hela yake ndogo sikufichi, ila utatoka hapo unaijua plastiki kwa kuishika. Geuza kopo uangalie chini, kuna pembetatu ya mishale na namba katikati. 1 ni PET, hizi chupa za maji na soda. 2 ni HDPE, yani madumu na chupa za shampuu. 3 ni PVC, 4 ni nailoni laini, 5 ni PP, hapo utakuta ndoo, viti na vizibo vingi, 6 na 7 wanunuzi wengi hawana habari nazo.

Sasa mzigo wa mtaani mwingi unakuja umevunjika, namba haipo. Hapo unatumia ndoo ya maji. Kata kipande saizi ya kucha, kizamishe kwa kidole mpaka mapovu yaishe alafu kiachie, kikipanda juu mara nyingi ni HDPE au PP, kikienda chini mara nyingi ni PET au PVC. Usikitupie tu juu ya maji maana hewa inakibeba unadanganyika. Kuitenga HDPE na PP kwangua na ukucha, HDPE inaacha mkwaruzo kama umekwangua mshumaa, PP ni ngumu zaidi inakataa.

PET na PVC ndo zinaliza watu. Chupa ya PET chini katikati ina kidoti kama kitovu, ya PVC ina mstari, na ukiikunja PVC pale kwenye mkunjo panakuwa peupe. Mwaka wangu wa kwanza mi nilikuwa sijui hilo, nikapitisha chupa chache za PVC kwenye mzigo wa PET na mzigo wote ukarudishwa, tukauchambua upya usiku kucha chini ya taa moja. Nilielewa baadae kwa nini: PET inayeyuka kwenye digrii 250 hivi, PVC kabla haijafika huko imeshaungua na inatoa asidi, inachafua rangi ya mzigo na kula chuma cha mashine. Kwa hiyo mchambuaji mzuri kiwandani ni mtu wa maana kuliko anavyolipwa, na hilo mi nitalisema popote.

Baada ya hapo ndo uende chuo. Hata kama hukuti kozi imeandikwa risaiklini, we angalia kiwandani wanahangaika kumtafuta nani: fundi mitambo, fundi umeme wa viwandani, mchomeleaji. Hizo kwenye vyuo vya ufundi vya VETA zipo, unaanza ngazi ya kwanza unapanda mpaka ya tatu. Ningekuwa naanza leo ningechukua ufundi mitambo bila kujiuliza, kwa sababu krasha ina visu, visu vinaisha makali, na visu butu havikati, vinachana. Chengachenga zinatoka na vumbi jingi, mota inapata moto, umeme unapanda, na vumbi hilo ukilipeleka kwenye kuosha linaondoka na maji, hiyo ni kilo yako inapotea. Anayejua kunoa visu na kupima nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichosimama kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, huyo akiumwa siku moja kiwanda kizima kinamtafuta kwa simu. Na kabla hujaingiza mkono mle, zima swichi kubwa, piga kufuli, funguo weka mfukoni kwako, sio kwa mwenzio. Kitufe chekundu cha kwenye mashine peke yake hakitoshi.

Kama uko kazini miaka na huna cheti, usikate tamaa useme umri umeenda. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwenye kazi unayoifanya, palipopungua wanakuongezea, unapata cheti bila kukaa darasani upya toka mwanzo. Nenda chuo chao cha karibu ukaulizie fani yako, na uende na picha za kazi zako.

Ukitaka kujitegemea basi kaa na kalamu kabla ya kukopa. Kilo moja ya chupa za maji za nusu lita ni kama chupa 70 mpaka 100 kutegemea uzito wake, kwa hiyo gari likijaa kwa macho kwenye mzani linaweza kuwa halina kitu, ndo maana watu wanakandamiza na kufunga. Bei nayo inafuata mafuta ya dunia, mafuta yakishuka plastiki mpya inakuwa rahisi na ya kwako inashushwa, weka akiba ya hiyo miezi. Halmashauri wana ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ila wanawake na vijana mnaenda kama kikundi kilichosajiliwa. Na ukiongeza vyuma chakavu kwenye biashara pitia NEMC, baraza la mazingira, kwanza kuhusu kibali.

Afya sasa, hapa naomba unisikilize. Usichome waya upate shaba, ganda lake mara nyingi ni ile ile PVC na moshi wake ni sumu, menya kwa kisu hata kama unachelewa. Betri za gari usizipasue, ndani kuna asidi na madini ya risasi, na risasi hiyo inaingia mpaka kwa watoto nyumbani kupitia nguo zako. Badilisha nguo kabla hujaondoka yadi.

Siku ya kwanza nenda na buti ngumu sio kandambili, glavu nene maana sindano za hospitali huwa zinajificha kwenye magunia, barakoa, maji ya kunywa, na daftari dogo. Kwenye daftari andika kila siku kilo zilizoingia, kilo zilizotoka safi, na kilichotupwa. Fanya hivyo mwezi mzima, alafu ndo uulize bei ya krasha.