Kuosha sufu mbichi Mombasa kabla ya kuisokota

Kondoo wanaofugwa Pwani, kama wa aina ya Red Maasai na Dorper, hawafai kwa uzi: wana nywele fupi za kupukutika. Agiza sufu ya kondoo wa aina ya Corriedale kutoka bara, Molo au Nyandarua, na uombe ya mgongoni na mabegani. Ya tumboni na miguuni ni uchafu mtupu.

Maji ndiyo shughuli. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na sabuni ya mche humo huganda utando unaonata kwenye sufu. Tumia maji ya mvua na sabuni ya maji ya vyombo.

Chambua nusu kilo, utie kwenye mfuko wa neti bila kushindilia. Pasha lita 10 hadi nyuzi 60, koroga vijiko viwili vya sabuni, kisha zamisha mfuko kwa dakika 15. Usisugue, usipige, wala usifungulie bomba juu yake: joto na msukosuko hushikamanisha sufu ikawa kama zulia, na hapo hairudi tena. Usiache maji yapoe pia, kwani mafuta ya sufu yaliyoyeyuka yatarudi kuganda.

Rudia kwa sabuni, halafu suuza mara mbili kwa maji ya joto lilelile. Suuzo la mwisho litie nusu kikombe cha siki nyeupe.

Anika kivulini juu ya wavu, penye upepo. Kwa unyevu wa hapa, hasa Mei, ipe siku mbili au tatu. Ikifungwa ingali mbichi ndani, itaota ukungu.