Somo: Kununua na kuseti gitaa la besi ukiwa na laki nane, Dar

Wakuu, heshima kwenu. Somo hili ni la anayetaka kuanza besi hapa mjini akiwa na laki nane mfukoni. Ikizidi ni bahati yako, ikipungua tutabana.

Wengi wenye bajeti hii hugawa pesa nusu kwa nusu, gitaa na amplifaya, wakaishia na vitu viwili vibovu. Mimi nasema pesa iende kwenye shingo ya gitaa. Sauti kubwa utaikuta kanisani, ukumbini au studio, ambako mixa na spika zipo na zina mwenyewe. Shingo nzuri hakuna atakayekuazima.

Mgawanyo wangu: laki nne na nusu hadi tano kwa gitaa lililotumika, kama laki mbili kwa kifaa cha kujisikilizia, na kinachobaki ni nyuzi mpya, waya wa jeki, mkanda, begi na zana ndogondogo. Hicho kinachobaki ndicho watu husahau, halafu tunawaona mazoezini gitaa limefungwa kwenye shuka.

HATUA YA 1: Jua unachotafuta

Tafuta besi ya nyuzi nne, urefu wa kawaida wa inchi 34 (milimita 864) kutoka daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini) hadi kile kipande chenye mikato kichwani. Ukiwa na viganja vidogo, za inchi 30 zipo na si za watoto kama watu wanavyodai, ila hapa mjini utazitafuta sana.

Karibu kila besi ya bei nafuu imeiga moja ya mbili za Fender: Precision ya mwaka 1951 au Jazz ya 1960. Precision, tangu 1957, ina pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyogawanyika vipande viwili, na sauti yake nene haihitaji maarifa mengi ili ikae vizuri kwenye bendi. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi mwanzoni, kama milimita 38 kwa 42 hivi za Precision. Kuna zinazochanganya pikapu za aina zote mbili, kama Yamaha TRBX174 na Ibanez GSR200, na kwa anayeanza hizo ndizo ningezitafuta kwanza, pamoja na Squier. Kwa dansi na kwa kwaya zote zinafaa.

Nembo ya Fender kichwani kwa bei ya laki tatu isikupagawishe. Nembo ni stika, na stika haina sauti.

HATUA YA 2: Kagua kabla ya kutoa hela

Mpya utazipata Kariakoo. Zilizotumika zinatoka kwa wanamuziki wenyewe na kwa makanisa yanayobadilisha vyombo, na hapo ndipo laki tano inanunua gitaa lenye maana. Nenda mchana, na nenda na waya wako wa jeki, maana "waya umeharibika ila gitaa ni zima" ni wimbo wa wauzaji wote.

Inua gitaa, weka jicho upande wa daraja, tazama kingo za shingo kuelekea kichwani. Mbonyeo mdogo katikati ni sawa, unarekebishika. Lakini ukiona upande wa E (uzi mnene) umepinda kivyake na upande wa G (uzi mwembamba) kivyake, shingo imejisokota. Sema ahsante, ondoka. Kuinyoosha ni gharama kuliko gitaa.

Omba kufungua kifuniko cha trasi rodi, ule mchuma uliopita ndani ya shingo. Kwenye gitaa nyingi kipo kichwani, nyingine chini shingo inapokutana na mwili. Ingiza alenki uone kama inazunguka kidogo bila kulazimishwa. Ikiwa imekazwa hadi mwisho, au tundu limekula meno, hiyo shingo haina tena dawa siku itakapopinda. Muuzaji akikataa usiiguse kabisa, chukulia jibu umeshalipata.

Kisha piga kila freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) kwa kila uzi, polepole. Muuzaji atanuna, mwache anune. Noti ikikauka kwenye freti moja tu, freti inayofuata imeinuka au hiyo uliyobonyeza imelika. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, ncha za freti zisikukwaruze. Vitufe vya sauti vikikwaruza spika unapovizungusha, hilo dogo, fundi redio anavipulizia dawa siku hiyohiyo. Lakini usimwambie muuzaji ni dogo. Hiyo ndiyo punguzo lako.

HATUA YA 3: Namna ya kujisikia

Besi inakula nguvu kuliko solo. Amplifaya ya wati 15 inatosha chumbani, mbele ya drams utataka wati 100 na zaidi. Bajeti hii haifiki huko, usijisumbue.

Ningenunua kifaa kidogo chenye tundu la hedifoni. Zoom B1 Four, kwa mfano, inaendeshwa na betri nne ndogo za AA, ina tyuna (ya kuweka nyuzi kwenye sauti yake) na midundo ya drams ndani, na ina tundu la kuingizia muziki kutoka kwenye simu ili upige juu yake. Umeme ukikatika Jumamosi nzima, wewe unaendelea.

Ukikuta amplifaya ya mtumba, geuza mgongo wake usome kibandiko kabla ya kitu kingine chochote. Iliyotoka Japani huandikwa 100V, ya Marekani 120V, na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka moja kwa moja itatoa moshi dukani au nyumbani, inategemea nani ameichomeka. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama juu ya gharama.

Amplifaya ya solo pia unaweza kujifunzia, kwa sauti ya chini tu. Uzi wa E ulioachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya solo haikutengenezwa kusukuma hewa hivyo, na ukiifungulia utaichana.

Kanisani au ukumbini omba di-boksi. Hiyo inageuza sauti ya gitaa iweze kusafiri kwenye waya mrefu wa maiki hadi kwenye mixa bila kuokota mngurumo njiani. Waya wa jeki kutoka kwako hadi di-boksi usizidi mita 5 au 6.

HATUA YA 4: Kuseti

Hapa ndipo gitaa la laki nne linapoanza kupigika kama la milioni. Fuata mpangilio huu, maana kila kimoja kinavuruga kinachofuata.

Anza na nyuzi mpya. Unene wa kawaida umeandikwa 45 hadi 105. Ingiza uzi, pima mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, ukunje pembe kali pale utakapokatia, ndipo ukate. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaweza kulegea juu ya waya wa ndani na uzi ukafa kabla ya kupigwa.

Tyuni E, A, D, G. Maiki ya simu mara nyingi inahangaika kuusikia uzi wa E, kwa hiyo gusa tu juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, uachie. Italia kengele ya oktavu moja juu na tyuna itaishika.

Sasa shingo. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja (mtu akusaidie), kisha tazama uwazi kati ya uzi na freti ya 8. Unataka kama milimita 0.3. Fundi wa bodaboda anayeseti tapeti ana fila geji (majani ya chuma ya kupimia uwazi), muazime, jani la 0.30 lipite bila kusukuma uzi. Uwazi ukizidi, kaza trasi rodi kwa kuizungusha kulia. Usipokuwepo kabisa, legeza. Robo mzunguko kwa mara moja, tyuni upya, acha gitaa lilale, kesho upime tena. Mbao haina haraka. Ikigoma kuzunguka, usilete spana kubwa.

Kimo cha nyuzi ni rahisi kuliko watu wanavyokifanya. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu, sehemu zisizo na maandishi ya kuinuka, juu ya freti ya 12: uzi wa E uziguse kwa juu kidogo tu. Kwa uzi wa G ni kadi mbili na nusu hivi, nusu utaikadiria kwa jicho. Zungusha skrubu ndogo za vitandiko vya nyuzi pale kwenye daraja. Anayebonyeza kwa nguvu aweke juu zaidi, anayepiga kwa wepesi ashushe hadi nyuzi zianze kulia kwenye freti, kisha apandishe kidogo.

Halafu oktavu, yaani noti zikae sawa hadi juu ya shingo. Piga ile kengele ya freti ya 12, kisha ubonyeze freti hiyohiyo, ulinganishe kwenye tyuna. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kwanza kabla ya kukisogeza. Rudia kwa nyuzi zote nne, na usitafute ukamilifu wa studio kwenye gitaa la laki nne.

Mwisho pikapu: ukibonyeza freti ya mwisho, uzi uwe kama milimita 3 juu ya pikapu upande wa E na 2 upande wa G. Karibu sana na sumaku inavuta uzi, noti za juu zinayumba.

HATUA YA 5: Hewa yetu

Unyevu na chumvi ya bahari vinakula nyuzi na tundu la jeki. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu tia kwenye begi. Masika ikianza, na ikiisha, pima tena shingo. Kwenye bodaboda livae mgongoni na ukumbuke kichwa cha gitaa kimekuzidi urefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala: Mkuu, mimi nina sabufa ya nyumbani inapiga balaa. Siwezi kuchomeka besi humo nikaokoa hiyo laki mbili?

Jibu: Sauti itatoka, ila nyembamba na ya mbali. Gitaa lisilo na betri linatoa sauti dhaifu, na matundu ya nyuma ya sabufa yanasubiri sauti yenye nguvu kama ya simu au deki. Pitisha kwanza kwenye kifaa kama hicho nilichotaja au mixa ndogo. Na usifungulie, ukipiga uzi kwa ghafla spika inaruka.

Tabata: Shikamoo kaka. Mwalimu wetu wa kwaya anasema nisinunue ya nyuzi nne, nitajuta, kwamba nyimbo za kusifu za siku hizi zinataka tano.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwalimu hajakosea kuhusu nyimbo. Lakini uzi wa tano, ule B, unatetema mara 31 hivi kwa sekunde, na kwenye gitaa za bei hii mara nyingi unalegea na kunguruma bila noti kueleweka. Laki tano inanunua nyuzi nne nzuri au tano za wasiwasi. Ukihitaji D ya chini kwa wimbo mmoja, shusha uzi wa E toni moja nzima (freti mbili). Kama mwalimu atachangia, basi nunua tano.

Kinondoni: Kijana, hizi habari za nyuzi mpya zinanichekesha. Sisi wa dansi nyuzi zilikaa hadi zikawa nyeusi, na besi ilikuwa inaunguruma mpaka nje ya ukumbi.

Jibu: Shikamoo mzee. Kwa sauti ile nzito, fupi, isiyo na makelele ya juu, siwezi kubishana nawe, nyuzi kuukuu zinaitoa, na nyuzi zilizosagwa laini zinaitoa hata zikiwa mpya. Ninachokataa ni kuseti gitaa kwa nyuzi zilizochoka. Oktavu haikai, fundi analaumu shingo. Aseti kwa mpya, kisha aziache zizeeke apendavyo.

Kinondoni: Hapo umesema.

Ubungo: Kuna jamaa kanambia nyuzi zinachemshwa. Ni kweli au ananichora?

Jibu: Kweli. Dakika kama 10 kwenye maji yanayochemka, mafuta ya vidole yanatoka, ukaushe vizuri kabisa. Mng'aro unarudi kwa muda mfupi. Zenye kutu usichemshe, tupa. Na tumia sufuria ambayo mama watoto haipikii.

Gongo la Mboto: Gitaa langu linanguruma, nikigusa nyuzi mngurumo unapungua. Halafu kanisani nikisogeza mdomo kwenye maiki napigwa shoti ndogo.

Jibu: Mkuu, hayo ni mambo mawili. La kwanza ni kawaida kwa gitaa nyingi, likizidi fundi redio akague nyaya za ndani na ile inayokwenda kwenye daraja. La pili ni hatari, acha kupiga hapo mpaka fundi umeme akague. Uwezekano mkubwa ni kwamba amplifaya au mixa haina earth, au soketi zenyewe hazina. Na kama kuna mtu amekata pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mngurumo, airudishe. Hilo la kwanza linaudhi, hili linaua.

Kigamboni: Nimefuata hatua zote, besi yangu ikabebwa na pantoni salama. Uzi wa A ukiachwa wazi unalia zzz, nikibonyeza freti yoyote unanyamaza.

Jibu: Kosa haliko kwenye shingo wala daraja. Tazama kile kipande cheupe chenye mikato pale kichwani, mkato wa A umechimbika sana. Kata kipande kidogo cha karatasi, kiweke ndani ya mkato chini ya uzi, utyuni tena. Mlio ukiisha, umepata jibu. Karatasi itakufikisha Jumapili, ila kipande kipya kinachongwa hata kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukakauka. Mpelekee seremala mwenye mkono mwepesi pamoja na kile cha zamani kama kipimo, na mikato aifanye ya kina kidogo kwanza, utaishusha mwenyewe kidogokidogo kwa tupa nyembamba. Tupe mrejesho.