Jinsi ya kupiga picha wikendi ya mbio za magari, kwa sisi tunaoanzia Mwanza

Wakuu, naona vijana wetu wengi wanatuma picha ya gari la mbio limeganda kabisa, kwenye rimu unahesabu nati moja moja, halafu chini ameandika "hatari sana huyu jamaa" na vimoto vitatu. Sasa hatari iko wapi bana, hilo gari limepaki. Picha ya mbio inatakiwa ionyeshe mwendo, na mwendo hauji kwa kupandisha spidi ya shata (lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), unakuja kwa kuishusha ili likae wazi muda mrefu zaidi, na hapo ndipo watu wanapoogopa maana ukishusha picha nyingi zinaharibika. Haya ninayoandika chini karibu yote yanahusu hiyo hofu, namna ya kuipunguza kuanzia mtaani kwetu mpaka siku umesimama traki yenyewe, iwe ni Garuga kwa Waganda huko huko ukingoni mwa ziwa letu, iwe ni Kyalami Afrika Kusini, au rali ya Naivasha ukipitia Sirari.

Hesabu kwanza, maana ikikuingia mengine yote yanakuwa mepesi. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa, kwenye shata ya 1/1000, yaani sekunde moja uigawe mara elfu, linasogea sentimita 5 na nusu hivi, tairi halijazunguka kitu cha maana ndio maana rimu inaonekana imesimama. Shuka mpaka 1/125, gari linasogea sentimita 44, na tairi ambalo mzunguko wake ni mita 2 na kidogo linakuwa limezunguka kama moja ya tano, kwa hiyo rimu ya mikono mitano kila mkono unafika alipokuwa mwenzake na duara lote linajaa. Kwenye 1/30 gari limeshasogea karibu mita 2. Sasa wewe kazi yako ni kuizungusha kamera sambamba na gari ili bodi ibaki kali, halafu nyuma kote kuvutike kama mistari, huko ndio kupani, na ni kitu cha mwili kabla hakijawa cha kamera.

Kwa hiyo usisubiri gari la mbio. Simama pembeni ya barabara ya Kenyatta au ile ya kwenda Airport, kwenye njia ya waenda kwa miguu kabisa, upige bodaboda na daladala zinazopita. Na usidhani ni mazoezi ya kitoto, bodaboda ya kilomita 50 kwa saa ikipita mita 8 mbele yako inakuzungusha kwa kasi ile ile ya gari la kilomita 200 kwa saa likiwa mita 32. Ni sawa kabisa, piga hesabu mwenyewe. Miguu panua kidogo, vidole vya miguu vielekee pale utakapobonyeza na sio pale gari linapotokea, halafu kiuno ndio kinapinda kwenda kulipokea, unalifuata taratibu, unabonyeza huku unaendelea kulifuata, na likishapita bado unaendelea kidogo. Wengi wanasimamisha mikono pale pale kidole kinapobonyeza, picha inavutika, lawama zinaenda kwa lenzi. Chagua kitu kimoja cha kukishikilia kwenye fremu, mfano kioo cha pembeni au namba ya mlangoni, kidoti cha fokasi kikae hapo hapo mwanzo mwisho. Kwa boda mimi nashikilia helmeti ya dereva, kama ameivaa.

Halafu hili la nyuma ya gari watu wa ziwani linatuponza. Kila mtu anataka asimame pale ambapo Victoria inaonekana nyuma, ni nzuri kwa kadi ya posta sikatai, ila maji matupu na anga havina kitu cha kuvutika, ukipani inabaki bluu tu na gari linaonekana limebandikwa. Tafuta nyuma yenye vurugu, ukuta wenye maandishi, vibanda, miti, watu, hata yale mawe yetu ya mlimani Bwiru yanatosha maana yana mwanga na kivuli. Traki nayo ni hivyo hivyo, jukwaa lenye watu au mabango ya wadhamini ni bora mara mia kuliko mbingu.

Kwenye kamera weka modi ya kuchagua shata, kwa Nikon na Sony ni S, kwa Canon ni Tv, fokasi ya kufuatilia ambayo ni AF-C au Servo, na upigaji wa mfululizo. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko chenye modi ya 2 kwa Canon au Sony, iweke, hiyo inatuliza juu na chini tu na inakuacha uzungushe pembeni. Kama ni lenzi ya zamani haina hiyo modi, zima kabisa, itapigana na wewe. Anza 1/250, ukiona zinatoka kali nenda 1/125, halafu 1/60, na 1/30 ni ya wenye roho ngumu, huko ukipata moja safi kwenye lundo zima shukuru Mungu. Gari linalokuja uso kwa uso ni habari nyingine, halina cha kuvutika pembeni, hapo panda 1/1000 bila aibu.

Sasa jua. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta na Garuga ndio kwenye Ikweta yenyewe karibu, mchana jua liko utosini na ni kali. Kwenye jua la hivyo ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kushika mwanga) na shata ya 1/60 kamera itafunga tundu la lenzi, ndio apecha, mpaka f/20 hivi, namba ikipanda tundu linazidi kuwa dogo, ukienda 1/30 inataka kupita f/22 na lenzi nyingi zinaishia hapo, picha inakuwa nyeupe kama nguo ya komunyo. Na hata kabla haijafika huko, tundu likiwa dogo hivyo ukali unapungua na kila vumbi lililo kwenye sensa, ile sahani ya ndani inayopokea picha, linatokea kama doa angani. Dawa ni filta ya ND, ile nyeusi, ya stopu 2 au 3 inatosha, kila stopu moja inakata mwanga nusu. Kama una filta ya pola tumia hiyo hiyo, nayo inakula stopu 1 mpaka 2 na faida yake nyingine inaua mng'ao kwenye kioo cha mbele, dereva anaonekana ndani. Izungushe huku unaangalia kioo hicho cha gari, sio unaifunga tu na kuondoka.

Saa 5 mpaka saa 9 lami inachemka na hewa juu yake inacheza, ukipiga kwa zumu ndefu gari lililo mbali kila kitu kinakuwa laini kama kimelowa, hapo hakuna kamera ya milioni kumi itakayokusaidia, sogea karibu au nenda kapige watu na pit, pale magari yanapoingia kuhudumiwa. Mwanga mtamu ni asubuhi na jioni, na huku kwetu jioni ni fupi mno, jua likishazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na kidogo giza linaanguka haraka, kwa hiyo eneo lako la jioni uwe umelichagua mapema.

Lenzi sasa. Zumu ya milimita 70-200 au 70-300 inatosha sana, mwenye 100-400 anakula bata. Mwenye kit ya 18-55, ile lenzi inayokuja na kamera, asikate tamaa, asogee kwenye kona ya polepole apani kwa karibu, mwanga ukiwa mdogo autofokasi yake ikisuasua aweke fokasi kabla kwenye alama ya lami ambapo magari yote yanapita, afunge, asubiri. Hata simu yenye modi ya pro inakupa 1/60, sema zumu ya kidijitali usiiguse.

Wikendi yenyewe kwa kawaida iko hivi, ijumaa mazoezi, jumamosi kusaka nafasi za kuanzia, jumapili mbio. Ijumaa tembea traki yote kwa miguu, hata kama kuna jua, na piga kidogo. Unachotafuta ni kona tatu nne zenye nyuma nzuri na mahali ambapo uzio haukuzuii, unaandika kwenye simu mwanga unatokea wapi saa ngapi. Ukisimama upande wa ndani wa kona, gari linakuzunguka kwa umbali ule ule, linabaki kali kuanzia bampa la mbele mpaka la nyuma na unaweza kushuka shata sana. Ukiwa nje ya kona linakuja usoni kwako, unapata ile ya magari matano yanagombania kona moja. Mwisho wa straiti ndefu, ile sehemu iliyonyooka, pale wanapokanyaga breki kuna vitu vitamu, pua inazama chini, ekzosi inatema moto wakishusha gia, na kukiwa na giza disiki za breki zinawaka nyekundu ndani ya rimu. Hizo disiki usizitafute mchana, utapoteza siku.

Jumamosi ndio siku ya kuharibu picha. Dereva anazunguka peke yake bila msongamano, kila dakika mbili hivi anapita tena pale pale kwa mstari ule ule, hakuna darasa zuri kama hilo. Asubuhi chukua kwanza za usalama, kila gari moja kwa 1/250 namba ikisomeka, hizo ndio timu na wadhamini wanazotaka na ndio zinazolipa. Ukishazipata huna deni na mtu, shusha shata mpaka ikuume.

Halafu uzio. Kama huna kibali cha wanahabari utakuwa nyuma ya wavu na watazamaji wengine, sio mwisho wa dunia. Bandika lenzi karibu kabisa na wavu, tundu moja la wavu mbele ya kioo cha lenzi, fungua apecha yote, vuta zumu, wavu unayeyuka. Tatizo ni kwamba ukishusha shata kwa ajili ya kupani apecha inajifunga na wavu unarudi, ndio maana ile ND haikwepeki. Au tafuta kilima juu ya wavu, watu wengi hawapandi kwa sababu ya uvivu tu.

Kibali kinaombwa kwa waandaaji wiki kadhaa kabla, na ukipewa ile vesti ya wapiga picha sio kwamba risasi hazikupati. Mwaka 1955 kule Le Mans gari la Pierre Levegh lilipaa likaingia kwa watazamaji, wakafa zaidi ya 80, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za traki kwa miaka mingi kwa sababu ya siku ile. Usisimame nje ya kona pale gari linapotoka likiwa limezidiwa, usikae chini, usiipe traki mgongo hata kama unaangalia picha kwenye skrini, na marshali, yule msimamizi wa usalama wa traki, akikwambia ondoka unaondoka, hujadiliani naye kama konda wa Igoma. Bendera ya njano ina maana kuna hatari mbele, nyekundu kipindi kimesimamishwa, ya bluu dereva anaambiwa kuna mwenye kasi nyuma yake, jiandae hapo maana picha ya kupitana inakuja. Pit vaa viatu vya kufunika na suruali, angalia pande zote, magari mengine yakiingia kwa mwendo mdogo huyasikii kwa kelele za mengine.

Jumapili piga mwanzo ukiwa kona ya kwanza au ya pili, magari yote yapo pamoja kwa mzunguko mmoja tu na hayatarudi hivyo tena. Baada ya hapo kwa mbio ndefu hama hama, usigande sehemu moja masaa matatu. Na geuza kamera kwa watu. Macho ya dereva ndani ya helmeti dakika chache kabla hajaingia. Fundi amelala juu ya rundo la matairi. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kafunga masikio kwa kanga na hata haangalii magari. Hizo watu watazitazama muda mrefu kuliko gari lolote.

Vitu vidogo vya ukanda wetu. Jioni karibu na ziwa wale inzi wa ziwani wanakuja kama moshi, usibadilishe lenzi hapo nje, ingia ndani ya gari kwanza. Kwenye traki ya vumbi ni hivyo hivyo, chagua lenzi moja asubuhi ukae nayo. Beba mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia, mvua ya ziwa haipigi hodi, na ikinyesha usikimbie, maji yakiruka nyuma ya matairi na taa zikiakisi kwenye lami unapata picha ambazo jua halikupi.

Usiku chambua bila huruma, picha ambayo namba na kioo cha mbele sio kali inaondoka, hata kama ilikuwa 1/15 na ulijisikia fahari. Nyoosha upeo, kuilaza kila picha ili ionekane ina kasi kumepitwa na wakati. Kabla hujatuma linganisha namba ya gari na orodha ya washiriki ili jina la dereva lisikosewe, na timu ukiwatumia kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na ile mistari yote uliyoihangaikia inakuwa uji.